Mustang ya 1966 kwa barabara za Tanga: kukata springi, springi mpya za kushusha, au koilova?

Raskazone66

Wakuu, habari za humu. Naomba tulinganishe kabla fedha haijatoka. Gari ni Ford Mustang ya 1966, V8 ya 289. Springi za mbele ni za kiwandani na zimelala. Za nyuma ni bapa nne kila upande, nazo zimenyooka. Linatembea mjini Tanga, linakwenda Pangani, na mara chache Segera kupitia Muheza, kwa hiyo matuta ni mengi. Nataka likae chini inchi moja hivi, lisilale kwenye kona, na bomba la moshi lisikwangue.

Ninazozipima ni njia nne. Kukata springi za mbele zilizopo na kuweka vipande vya kushushia nyuma. Kununua springi mpya za inchi moja chini, zile zenye ugumu wa pauni 620 kwa inchi, pamoja na bapa tano za nyuma. Kuteremsha mikono ya juu (vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele kwa juu) kama ilivyokuwa kwenye Shelby, ile Mustang ya kimbio. Au koilova (springi na shokapu kwa kifaa kimoja) mbele na kumaliza. Ipi inafaa hapa kwetu?

FundiChumbageni

Pima kwanza, mkuu. Lisimamishe kwenye sakafu iliyo sawa, lisukumesukume mara tatu mbele na nyuma litulie, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Muuzaji akisema "inchi moja chini" anahesabu kutoka kimo cha gari likiwa jipya, si kimo cha leo. Springi zako zilizolala zimeshalishusha gari. Ukifunga mpya za kushusha bila kupima, usishangae gari likabaki palepale au likapanda.

Pili, toa shokapu za mbele umulike ndani ya minara, yale maboksi ya bati yanayobeba springi za mbele. Kwenye Mustang hii springi imekaa juu ya mkono wa juu, na kichwa chake kinasukuma ndani ya mnara, kwa hiyo mzigo wa mbele unapita hapo. Hewa ya chumvi ya Raskazone hula pale kwenye mishono, chini ya rangi. Gonga kwa nyundo ndogo. Bati likitoa sauti butu au likibonyea, lichomelewe kabla ya kununua chochote. Springi ngumu kwenye mnara ulioliwa huupasua mshono.

Kukata nakushauri uache, na sababu si ile inayosemwa vijiweni. Springi iliyolala haijapoteza ugumu, imepoteza kimo. Ukiikata unaondoa kimo mara ya pili na mkono unaanza kugota kwenye raba ya kuuzuia. Ni kweli kukata kunaongeza ugumu: mizunguko minane inayofanya kazi ukiondoa mmoja, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 14 hivi. Lakini ongezeko hilo ni dogo mno kufidia nafasi uliyoipoteza. Kwa atakayekata hata hivyo: grinda, nusu mzunguko kwa mara moja, na mwisho wa koili ufike kwenye kizuizi cha kikalio. Gesi kamwe. Moto unaondoa ukali wa chuma na springi inalala upande mmoja.

Chaguo langu la kwanza ni lile la tatu, mikono ya juu. Jiometri hiyo ni kazi ya Klaus Arning, mhandisi wa Ford, na ndiyo iliyowekwa kwenye Shelby GT350 za 1965. Unatoboa matundu mawili mapya kila mnara, inchi moja chini ya yale ya zamani, kwa keekee ya 17/32 maana bolti ni nusu inchi. Faida yake ni kwamba kwenye kona gurudumu la nje linapopanda, kichwa chake kinaegemea ndani badala ya kumwagika nje. Tairi inakanyaga kwa upana wake wote. Gharama ni kigezo cha kutobolea, keekee kali na nusu siku. Chora msitari, piga senta panchi, anza na keekee ndogo. Tundu likienda kombo milimita mbili, huo upande hautapanga alaimenti tena.

MajaniMatano

Naungana na fundi kwa mbele. Kwa nyuma niongeze.

Vipande vya kushushia usiviweke. Kila inchi unayoiingiza kati ya ekseli na bapa ni wenzo mrefu zaidi kwa ekseli kuzikunja bapa unapokanyaga mafuta. V8 ikivuta, bapa za mbele zinajipinda kama herufi S, difu inainua pua, tairi linarukaruka. Ukilazimika, kisizidi inchi moja, kiwe cha chuma, na kiwe na kichomo kinachoingia kwenye tundu la senta bolti.

Bapa tano zenye jicho la katikati ndizo zinazoshusha inchi moja bila kipande chochote. Jicho, yaani pete ya mwisho wa bapa, limekunjwa katikati ya unene wa bapa kuu badala ya juu, kwa hiyo gari linashuka na bapa linabaki na upinde wake.

Kuna njia ya tano hukuitaja, na Tanga ipo: mafundi wa springi za malori. Bapa zako zinaweza kupangwa upya. Ila waambie mambo mawili. Zipindwe baridi kwenye presi au kwa nyundo, zisipashwe moto mwekundu kama wafanyavyo kwa bapa la Fuso lililokatika. Na pande zote mbili zilingane upinde: ziweke mgongo kwa mgongo uone mwanga. Tofauti ya milimita 5 kwenye bapa utaiona gari likisimama.

Senta bolti mpya na yubolti mpya, hiyo haina mjadala. Yubolti ikishavutwa mara moja, uzi wake umenyooka na haishiki tena sawasawa.

PongweKoilova

Fundi, heshima yako, lakini umeipita koilova kimyakimya. Ni springi iliyovaa shokapu ndani yake, unazungusha nati unapata kimo unachotaka. Mwezi huu unataka chini, mwezi ujao unakwenda Segera unapandisha. Na haihitaji kile kibanio cha springi ambacho wengi wanakiogopa.

FundiChumbageni

Sikuipita, ndugu yangu, nilikuwa naiachia nafasi. Ni kifaa kizuri. Kwa gari la mbio, au la mtu anayebadili mipangilio mara kwa mara, ningeichagua. Kwa Tanga nina sababu mbili za kuiweka nyuma.

Ya kwanza ni uzi wa ile nati. Mchanga na chumvi vinaingia kwenye mikunjo, na uzi wa alumini usiposafishwa na kupakwa mafuta unashikana. Hapo faida ya kupandisha na kushusha imekwisha, umebaki na springi ghali.

Ya pili ni namba. Watu wanaona koilova ya pauni 450 na springi ya pauni 620 wanadhani ya kwanza ni laini. Springi ya kawaida ya Mustang imekaa karibu na katikati ya mkono. Ukichukua nusu kwa hesabu rahisi, nusu mara nusu ni robo, kwa hiyo pauni 620 zinakuwa kama 155 pale kwenye gurudumu. Koilova iliyofungwa karibu zaidi na boljointi (kiungo cha mwisho wa mkono, upande wa gurudumu) ina hesabu nyingine kabisa, na ya 450 inaweza kuwa ngumu zaidi ya ile ya 620. Muulize muuzaji inafungwa wapi kwenye mkono kabla ya kulinganisha chochote.

Kuhusu kibanio: woga ni wa haki. Springi ya mbele ikiruka inaua. Toa shokapu na kofia yake ya juu, kibanio kinaingia kutoka juu kwa ndani ya mnara. Kulabu zake zishike mizunguko iliyo mbali kadiri inavyowezekana, zikiwa zinatazamana. Kaza kwa mkono, usitumie bunduki ya upepo. Uso usiwe mbele ya springi hata sekunde moja.

Raskazone66

Nashukuru sana. Basi nafikiria namba mbili na tatu pamoja: springi za 620 na mikono ya juu. Kuna kasoro?

BintiGofu

Kaka, kasoro ni hesabu ya kimo. Kuteremsha mikono peke yake kunashusha pua inchi 5/8 hivi, kwa sababu kikalio cha springi kinashuka pamoja na mkono. Ukiongeza springi za inchi moja, jumla inazidi inchi moja na nusu. Kwa matuta ya Muheza hiyo ni nyingi, bomba litakwangua pale linapopita chini ya gia boksi. Teremsha mikono, kisha nunua springi ngumu za kimo cha kawaida. Utapata nusu inchi na ushee, na ugumu unaoutaka. Wala usiteremshe mikono zaidi ya inchi moja: boljointi ya juu inafika mwisho wa pembe yake, na wanaokwenda inchi 1¾ hulazimika kuweka kabari chini ya boljointi.

Shokapu mpya ndizo ambazo hakuna aliyezishauri, na kwangu zinatangulia springi. Springi ya 620 na shokapu laini ya kiwandani, gari litapiga tuta moja na kuyumba hadi la pili. Chukua za gesi, zilizoandikwa kwa Mustang ya 1966, na ulize urefu zikiwa zimefungwa na zikiwa wazi. Ikiwa ndefu mno, shokapu inagota ndani kabla ya raba, na hapo inapasuka sili.

Stabilaiza (fimbo inayounganisha mikono ya kushoto na kulia) ya mbele yenye unene wa inchi moja ndiyo inayozuia kulala kwenye kona, kuliko springi. Ugumu wa chuma cha duara unapanda kwa kipeo cha nne cha unene: ukitoka 11/16 kwenda inchi moja ni mara nne na nusu hivi. Springi zinaweza kubaki za wastani na barabara isiumize mgongo. Ya nyuma usiweke mwanzoni, gari hili na V8 likilegea mkia barabara ya lami iliyolowa ni hatari.

Alaimenti: namba za kitabu cha 1966 zilitungwa kabla tairi za radiali hazijaenea, ziache. Anza na kemba (gurudumu kuegemea ndani au nje; hasi ni kichwa ndani) nusu digrii hasi, kasta (mhimili wa kugeuzia gurudumu kuegemea mbele au nyuma; chanya ni kichwa nyuma) digrii 2 hadi 3 chanya kama una pawa stelingi, na toini (magurudumu kuangaliana mbele) milimita 3. Kwenye gari la 1966 unarekebisha kwa shimu (vibati vyembamba) kati ya mkono wa juu na mnara. Kuondoa shimu kwa usawa kwenye bolti zote mbili kunapeleka kemba hasi. Kuongeza shimu kwenye bolti ya mbele kunaongeza kasta.

Huhitaji mashine. Toini unaipata kwa uzi uliovutwa sambamba na gari pande zote mbili. Kemba kwa timazi. Kasta: geuza gurudumu digrii 20 nje usome kemba, geuza digrii 20 ndani usome tena, tofauti zidisha kwa 1.5.

MajaniMatano

Dada amemaliza. Nyongeza ni bushi. Za raba zimegandishwa kwenye chuma, kwa hiyo ukizikaza gari likiwa kwenye jeki zinabaki zimejipinda muda wote na kuchanika. Kaza kwa mkono tu, shusha gari, lisukumesukume, ndipo ukaze kwa spana gari likiwa limebeba uzito wake. Ni hivyohivyo kwa jicho la bapa la nyuma.

Za polyurethane zikae sehemu zinazozunguka tu, na ziwe na grisi yake, vinginevyo zinalia kila tuta. Usiziweke kwenye ile fimbo inayotoka mkono wa chini kwenda mbele. Pale fimbo inahitaji kuyumba juu na chini. Bushi ngumu inaizuia, chuma kinachoka kwenye uzi na kukatika, na ikikatika ukifunga breki gurudumu linarudi nyuma. Hapo weka raba.

Raskazone66

Hilo la fimbo lilikuwa kwenye oda, nalifuta leo. Basi: ukaguzi wa minara, mikono ya juu, shokapu za gesi, stabilaiza ya inchi moja, springi za kimo cha kawaida, bapa tano nyuma. Pembe ya propela niiangalie lini?

FundiChumbageni

Baada ya bapa kukaa, kilomita 200 hivi. Pima pembe ya gia boksi na ya difu, pua ya difu iwe digrii 1 hadi 3 chini ya mstari wa kuwa sambamba na gia boksi, maana ukikanyaga mafuta itapanda yenyewe. Ikizidi, kabari ya chuma kati ya bapa na ekseli, upande mzito uelekee penye haja. Siku hiyohiyo rudia kukaza yubolti kwa mkato, moja huku moja kule, na upime tena kimo cha pembe nne uandike.