Naomba ushauri: wageni kutoka Singida, nimpeleke wapi mama mkwe hapa Tanga?

Habari zenu wandugu. Wiki ijayo napokea mama mkwe, shemeji na watoto watatu ambao bahari wameiona kwenye televisheni tu. Nina siku tatu.

Siku ya kwanza Raskazone, waogelee, wale mihogo na pweza, basi.

Ya pili nilifikiria Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 tu kutoka mjini. Shida ni magoti ya mama. Mle ndani kuna giza, kuna popo, na pengine unapita umeinama. Nami kumwambia mama mkwe "inama upite" siwezi! Je, abaki nje kivulini na mtu, au nibadili kabisa tukaone magofu ya Tongoni? Kule ni tambarare, na yale makaburi ya minara naamini atayapenda kuliko popo.

Kinachoniumiza kichwa ni siku ya tatu. Watoto wanalilia Maziwe. Mnajua kile kisiwa ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa kinazama. Mwaka juzi nahodha mmoja alituchelewesha Pangani, tukafika maji yakipanda, tukakaa nusu saa tukageuza. Sasa hivi upepo wa kusi nao unavuma.

Waliokwenda karibuni: nivizie bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana), au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) yanatosha? Mtoto wa miaka 4 atastahimili mashua? Na maboya ya kuvaa ya saizi ya watoto yanapatikana, au nitafute mwenyewe huku mjini?