Mjadala: Mpaka ukifungwa ghafla, mwenye mzigo amshtaki nani?

Dada wa Mwanjelwa (mwanzisha mada)

Wana Nyanda za Juu Kusini, habari za jioni. Nausema msimamo wangu mapema ili mnipinge vizuri: kwa mizozo ya mipakani, hasira za mawaziri hazitutoshi. Tunahitaji mahakama ya kikanda ambayo mfanyabiashara mwenyewe anaweza kuingia na kushtaki, hata kama anayeshtakiwa ni serikali yetu.

Mnakumbuka mwaka 2025. Mwezi Machi Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, zikiwemo mchele, unga wa mahindi, ndizi na tangawizi. Ukisimama Kasumulu, mpakani kwetu na Malawi, unajua hizo ni bidhaa za nani: ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezifungia ndizi zetu kwa miaka. Aprili, Hussein Bashe, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, akatangaza kwamba mazao ya kilimo ya nchi hizo mbili hayaingii Tanzania. Siku chache baadaye zuio letu likaondolewa ili mazungumzo yaendelee. Watu wengi walishangilia, wakasema tumeheshimiwa.

Tulibishana wiki nzima kama waziri alikuwa mkali vya kutosha. Hakuna aliyeuliza yule mama mwenye fuso ya ndizi aliyeambiwa ageuze alikuwa na haki gani. Sisi, Malawi na Afrika Kusini tumo wote SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Itifaki ya biashara ilisainiwa 1996, eneo huru la biashara likatangazwa 2008. Kwenye karatasi bidhaa zake zinalindwa. Lakini akitaka kuidai haki hiyo, mlango haupo.

Zamani ulikuwepo. SADC ilikuwa na mahakama yake Windhoek, Namibia. Wakulima wa Zimbabwe walionyang'anywa mashamba waliishtaki serikali yao pale na mwaka 2008 wakashinda. Zimbabwe ikaikataa hukumu. Wakuu wa nchi, badala ya kuibana Zimbabwe, mwaka 2010 wakaisimamisha mahakama yenyewe, na 2012 wakaamua kwamba itakayoundwa upya itasikiliza kesi za nchi dhidi ya nchi tu. Raia na kampuni wakaachwa nje. Uamuzi ule uliwahusu wafanyabiashara wa Tukuyu na Tunduma kuliko hotuba zote za utangamano tulizowahi kusikia, na huku kwetu ulipita kimya.

Kwingine mambo ni tofauti. Afrika Mashariki kuna mahakama Arusha, na mtu binafsi anaruhusiwa kuishtaki nchi mwanachama. COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 2000, nayo ina mahakama. Kampuni moja ya rangi, Polytol, iliishtaki Mauritius pale kwa kurudisha ushuru kwenye bidhaa kutoka Misri, na mwaka 2013 ikashinda. Kampuni tu, haikumsubiri waziri yeyote.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Juni 2017 serikali yetu ilizuia mahindi yetu kuuzwa nje ya nchi. Mnajua bei ilivyoporomoka Songwe, Rukwa na Ruvuma, na mnajua waliokuwa na magunia ndani walivyobaki nayo. Mahakama ninayoitaka ingemsikiliza na mkulima wa Mbozi dhidi ya Dodoma. Ndiyo maana naamini hakuna serikali inayoitaka kwa moyo.

Karibuni.

Kijana wa Kiwira

Dada shikamoo, na pole kwa maelezo marefu. Napinga.

Mkungu ukikatwa leo, hesabu ya siku imeshaanza. Una siku chache za kuufikisha sokoni kabla haujaanza kuiva ndani ya gari. Mahakama gani itasikiliza, ipange tarehe, iahirishe, isome hukumu, ndizi zikiwa bado ndizi? Malawi waliketi kuzungumza kwa sababu waliona tunaweza kuwafungia na sisi. Hawana bahari. Mizigo yao mingi inashuka Dar es Salaam, inapita hapa Mbeya, na bohari zao za mizigo ziko mjini hapa hapa. Hiyo ndiyo nguvu tuliyonayo, na ilifanya kazi kwa siku chache.

Mashitaka ni ya wenye kampuni. Mama wa fuso atapata wapi nauli ya Windhoek, achilia mbali wakili?

Mzee wa Ilula

Wanangu, hamjambo. Mimi nalima vitunguu na nyanya, ndizi siyo zangu, ila niseme kidogo kuhusu wenzetu maana humu wanasemwa kama maadui.

Ndizi za Malawi ziliangamizwa na ugonjwa ule unaodumaza mgomba, majani yanasimama juu kama kifagio. Wakulima wao wameng'oa, wamepanda upya, wamehangaika. Mashamba yao yanapoanza kupona wanakuta soko limejaa ndizi za Rungwe. Juu ya hapo nchi yao ina njaa kubwa ya fedha za kigeni, hata mafuta na mbolea vinawasumbua. Mkulima wa Nkhata Bay akiiomba serikali yake imlinde, anaomba kile kile ninachoomba mimi nyanya za nje zinaposhusha bei yangu.

Kwa hiyo kijana, ukisema tuna nguvu kwa sababu wao hawana bahari, unanihuzunisha. Mwalimu Nyerere na Kaunda wa Zambia walijenga reli ya TAZARA ili jirani asiyekuwa na bahari asinyongwe na wenye bandari. Kilomita 1,860, na treni zilianza rasmi 1976. Leo tukaitumie njia hii hii kumkaba jirani mwingine?

Mahakama sijui. Ninalojua ni kwamba zuio la kumlinda mkulima mdogo linaweza kuwa la haki. Lisije ghafla, basi.

Tunduma Kwetu

Nami nimeguswa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Mahakama ya Arusha ilikuwepo, mlango wazi, kama anavyosema dada. Nani alikwenda? Zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti ya vyeti, na mambo yalitulia hasa Rais Samia alipokwenda Nairobi mwezi Mei. Yaani hata penye mahakama, wakubwa ndio waliomaliza.

Huku Tunduma shida yetu kubwa ni ndogo kuliko hayo. Kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde, upande wa Zambia, kilizinduliwa 2019, kwa mwenye lori na wakala wa forodha mambo yalibadilika. Kwa mwenye magunia mawili ya mchele, bado. Mzambia na Mmalawi mpakani kwao wana utaratibu wa COMESA wa wafanyabiashara wadogo: fomu nyepesi, orodha ya bidhaa inayojulikana, unapita. Sisi tulijitoa COMESA, basi tunawatazama. Kama kuna la kudai, tuanze na fomu hiyo.

Wakili, Iringa mjini

Nyongeza kwa dada. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Desemba 2018 kwamba Rais wao kushiriki kuisimamisha mahakama ya SADC, na kusaini itifaki mpya ya kuwaondoa raia, kulivunja katiba. Kwa hiyo kuna nchi ndani ya SADC ambayo kisheria haiwezi kuendelea kuunga mkono jambo lile. Anayedai mahakama irudi hadai kitu cha ndotoni.

Dada wa Mwanjelwa

Marahaba kijana, na asanteni wote. Mzee, shikamoo. Nimekusoma mara mbili.

Kijana, mahakama haitaziokoa ndizi za wiki hii, hapo uko sahihi. Polytol nayo ilingoja. Ila ofisa anayeandika tangazo la zuio leo haogopi chochote, kwa sababu hasara yote inabaki kwa mwenye gari. Akijua kuna fidia italipwa na hazina ya nchi yake, ataandika tofauti. Na nauli si lazima ilipwe na mama mmoja: ushirika unaweza kushtaki kwa niaba ya wanachama wake, na chama cha wafanyabiashara pia.

Tunduma, mwaka 2021 hakuna aliyekwenda Arusha kwa sababu hakuna aliyetuambia tunaweza kwenda. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, na nipo kwenye biashara hii. La fomu nakuunga mkono, lakini hata mwenye fomu anaweza kuamka asubuhi akute bidhaa yake imeondolewa kwenye orodha.

Mzee, zuio la kumlinda mkulima mdogo lina nafasi yake. Basi litangazwe siku 30 kabla, na mzigo uliokwisha kuondoka shambani siku ya tangazo uachwe upite. Hilo liandikwe kwenye makubaliano ya sisi na Malawi hata kabla ya mahakama, na litubane na sisi kwenye mahindi.

Kijana wa Kiwira

Hilo la mzigo ulio njiani, dada, naliunga mkono kabisa. La mahakama bado sijakubali. Na siku 30 kwa ndizi ni nyingi, mtu ataingiza mara kumi ya kawaida kabla mlango haujafungwa. Tuanze na 14.