Tupeane uzoefu: lugha jirani zikiachiana sarufi

Maneno ya kukopa tuyaweke kando, hayo hata sokoni hukopwa. Hapa ni sarufi tu. Taja mahali ulipo na lugha, weka sentensi, onyesha mtego.

Kondoa: Kirangi kwanza, lugha ya Kibantu ya huku kwetu. "Mama atachota maji" ni *Mama jota ari maaji* (toni nimeziacha). Kitenzi kikuu kimetangulia, kitenzi kisaidizi *ari* kinafuata. Lugha nyingi za Kibantu hufanya kinyume, kama tunavyosema kwa Kiswahili "alikuwa akichota": "alikuwa" ndicho kisaidizi. Sasa geuza iwe swali: *Ani ari jota maaji?* Nani atachota maji? Kisaidizi kimerudi mbele! Ukikusanya kauli za kawaida peke yake utaandika kanuni nusu. Kila sentensi igeuze swali, halafu kishazi rejeshi (kama "mama atakayechota maji").

Babati: Kimbugwe nacho kina mpangilio huo, na wanaotuhumiwa siku zote kuwa ndio chanzo ni majirani wa lugha za Kikushi, kama Wairaqw. Nasita. Kiiraqw chenyewe huweka viashiria vya mtenda na wakati kabla ya kitenzi, kwa hiyo hapo hakuna cha kunakili moja kwa moja. Tena mpangilio huo uko hadi Mara, kwenye Kikuria na Kisimbiti. Kabla ya kumkamata jirani, wapekue ndugu, yaani lugha nyingine za Kibantu.

Lushoto: Usambara kuna kisa kingine kabisa. Wambugu (si Wambugwe wa Babati) wana misamiati miwili juu ya sarufi moja. "Palikuwa na mzee akiitwa Kimweri":

*Áaho mzima étangwe Kimwéri.*
*Hélo mwagirú éséwe Kimwéri.*

Ya pili ndiyo Kimaa, yenye maneno mengi ya asili ya Kikushi. Funika mashina, *-tang-* na *-sé-*, utazame kilichobaki: *é-* mwanzoni, *-we* mwishoni, sawasawa. Viambishi hivyo ni vya Kibantu, na sarufi nzima iko karibu sana na Kipare, lugha ya Kibantu ya jirani. Anayehesabu maneno tu ataiita lugha ya Kikushi. Anayehesabu viambishi tu ataiita Kipare kilichovaa kanzu ya kuazima. Hesabu vyote, katika safu mbili.

Kondoa: Nyongeza kuhusu kuhoji. Ukiuliza "'alikuwa akilima' mnasemaje?", mtu atakufuatia Kiswahili neno kwa neno, nawe utaandika kwamba lugha imebadilika. Tumia picha zinazofuatana, asimulie mwenyewe. Masimulizi yakishindwa kutoa umbo unalolitaka, ndipo uulize, na pembeni uandike "limetokana na tafsiri".