Mrejesho: wadudu wa unga kwenye viti vya mkaratusi, Mafinga

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu wadudu wanaotoa unga laini kama poda kwenye viti vyangu, na kwa nini kitabu kimoja kinawaweka familia ya Lyctidae na kingine Bostrichidae. Asanteni sana, hasa mkuu aliyesema nianze na kichwa cha mdudu.

Nimemtazama kwa lenzi. Ukimwangalia kwa juu kichwa kinaonekana wazi, na kirungu cha kipapasio (ile ncha yake iliyovimba) kina pingili mbili tu. Dumuzi wa mahindi, ambaye naye ni Bostrichidae, kichwa chake kimefichwa chini ya kifua na kirungu kina pingili tatu. Basi wangu ni Lyctinae. Zamani kundi hili lilihesabiwa familia kamili, ndiyo hiyo Lyctidae, siku hizi ni nusufamilia ndani ya Bostrichidae, ndiyo maana vitabu vinapishana. Nimefurahi mno kujua kwamba mla kiti na mla mahindi ghalani ni ndugu!

Ushauri wa kukwangua vanishi kwanza, ndipo nipake boraksi, nimeufuata. Viti vingi unga umekoma. Kimoja kiliendelea kutoa mguuni, nadhani mabuu walikuwa ndani kuliko dawa ilipofika, kwa hiyo mguu ule nimeutoa na kuuchoma moto. Fundi ameweka wa msonobari, kwa sababu jike hutaga ndani ya vitundu vya mbao za miti kama mkaratusi, na msonobari hauna vitundu hivyo.