Tupeane uzoefu: kuhamisha familia kwenda mji wenye hali ya hewa tofauti

Mfungua uzi

Wakuu, uzi huu ni wa wanaohama na familia nzima: kutoka joto kwenda baridi, kutoka baridi kwenda joto, kutoka bondeni kwenda milimani. Kila mwenye fani aweke alichonacho kwa vipimo. Kiasi gani, muda gani, kifaa gani, nini huharibika na kwa nini. Nyuzi zote za joto humu ni za Selsiasi.

Naanza na nyumba. Kama unaweza kwenda kuitazama mara moja tu, nenda msimu ulio mbaya kabisa: katikati ya masika kwa mji wa mvua, saa nane mchana kwa mji wa joto, jioni ya kipupwe kwa mji wa baridi. Ukitazama msimu mzuri, nyumba zote ni nzuri. Fungua makabati yaliyojengewa ukutani, ingiza kichwa, nusa. Angalia sehemu ya chini ya kuta kama kuna mstari wa rangi tofauti unaokwenda usawa mmoja chumba baada ya chumba. Huo ni usawa ambao maji ya mafuriko yaliwahi kufika. Rangi mpya iliyopakwa chini tu, kimo cha goti, iulizie.

Madirisha nayo. Karibu na ikweta, ukuta wa magharibi ndio unaopika chumba jioni, kwa hiyo vyumba vya watoto visiwe upande huo. Ukiwa mbali kaskazini mwa ikweta, jua la majira ya baridi hupita chini upande wa kusini, na madirisha ya kusini ndiyo yanayokupa joto la bure. Mbali kusini mwa ikweta, geuza.

Fundi nyumba

Wanaotoka joto hununua hita na mablanketi, wanasahau unyevu. Familia inapumua, inapika, inaoga, inaanika nguo ndani, na maji yote hayo yanakwenda hewani. Nguo za mzunguko mmoja wa mashine zikianikwa sebuleni huachia kama lita 2. Hewa hiyo ikigusa ukuta wa nje uliopoa inageuka matone, na baada ya wiki chache kuvu nyeusi imeota nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Acha sentimita 5 hadi 10 kati ya kabati na ukuta wa nje. Asubuhi na jioni zima hita, fungua madirisha mawili yanayotazamana, wazi kabisa, dakika 5 hadi 10, kisha funga. Kuacha dirisha moja na ufa mchana kutwa ni hasara mara mbili: ukuta unapoa na kuvuta matone zaidi, na hewa yenyewe haibadiliki vizuri. Nunua kipima unyevu cha kutundika. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 60 uko salama.

Baridi ikiwa kali, mambo yanageuka. Hewa ya nje ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha ifike nyuzi 20, unyevu wake unasoma kama asilimia 21 tu. Maji ni yaleyale, ila hewa ya joto ina uwezo wa kubeba mengi zaidi, basi inayanyonya popote inapoyakuta: puani mwa watoto, midomoni, kwenye miguu ya meza. Samani za mbao zilizozoea unyevu husinyaa, viungo vikalegea na mbao za juu zikapasuka. Ziweke mbali na hita.

Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 9. Ichomekwe ukutani moja kwa moja, peke yake. Ekstensheni nyembamba iliyobaki imeviringishwa inajipasha yenyewe mpaka inayeyuka. Kwa bajeti: saa 5 kwa siku ni uniti 10, hita moja. Zidisha kwa siku za mwezi kabla hujasaini mkataba wa nyumba.

Sasa jiko la mkaa. Tafadhali, tafadhali, lisilale ndani. Mahali pa joto watu hupikia uani, au kwenye jiko lenye matundu juu ya kuta, moshi unajitokea, kwa hiyo familia inahama na mazoea yake salama ikidhani yatakuwa salama popote. Nyumba ya baridi imezibwa kila ufa. Makaa yaliyobaki mekundu bila moshi ndiyo yanayodanganya: kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, usingizi unabeba, mtu haamki. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, hiyo ndiyo dalili. Tokeni wote, msirudi ndani kuzima chochote, piteni hospitali. King'ora cha gesi hiyo kiwekwe karibu na vyumba vya kulala na kijaribiwe kila mwezi, hata kama mnatumia hita ya gesi iliyofungwa na fundi.

Mabomba: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua bomba, lakini uvujaji unauona siku barafu inapoyeyuka. Siku ya kwanza mjue valvu kuu iko wapi, watu wazima wote wa nyumba. Usiku wa baridi kali acha bomba la ukuta wa nje lidondoke kidogo kidogo. Mkisafiri, punguzeni joto la nyumba, msilizime.

Muuguzi wa watoto

Mavazi ya baridi ni tabaka tatu. La kugusa ngozi liwe sufu nyepesi au kitambaa cha sintetiki, la kati sweta zito, la nje lizuie upepo na maji. Pamba isiguse ngozi kwa mtoto anayekwenda kukimbia nje: inashika jasho, haikauki, akisimama tu anaanza kutetemeka. Viatu vya kubana hata na soksi nene havifai, damu haipiti na vidole vinapoa zaidi. Mtoto awe na nafasi ya kuchezesha vidole. Ukitaka kujua kama mtoto mchanga ana baridi, gusa kifua au shingo kwa nyuma. Mikono ya watoto wachanga mara nyingi ni ya baridi, haikuambii kitu.

Kwenye gari, koti nene livuliwe kabla ya kufunga mikanda ya kiti cha mtoto. Wengi wanaona ni ukatili, nisikilizeni. Mfunge mtoto akiwa na koti, kaza, kisha mtoe bila kugusa mikanda, mvue koti, mrudishe. Utaona nafasi iliyobaki. Katika ajali koti husinyaa na mtoto anachomoka kupitia nafasi hiyo. Fungeni bila koti mpaka usiweze kubana utepe wa mkanda kwa vidole viwili pale begani, halafu mfunike blanketi juu ya mikanda.

Kulala: chumba cha mtoto mchanga nyuzi 16 hadi 20 kinatosha. Alale chali, bila mablanketi yaliyolegea, bila mito, bila kofia. Mfuko wa kulalia unaomtosha shingoni ni salama kuliko blanketi. Wazazi waliokulia joto huwafunika watoto kupita kiasi, na joto la kupita kiasi linaongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga.

Jua: mkihamia mbali sana na ikweta, miezi ya baridi jua ni dhaifu kiasi kwamba ngozi haitengenezi vitamini D ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama kwa kawaida hupewa matone ya vipimo 400 vya kimataifa kwa siku. Mwulizeni daktari wa huko wiki za mwanzo, na mama naye aulizie za kwake.

Fundi gesi

Fupi. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa butani na propani. Butani huacha kugeuka mvuke ikishuka chini kidogo ya nyuzi 0. Propani huendelea mpaka karibu nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi ukiwa nje kwenye baridi, moto ukadhoofika wakati bado una uzito, umebaki na butani. Usiumwagie maji ya moto wala kuusogezea moto. Omba mtungi wa propani. Na regyuleta ya mji mmoja mara nyingi haiingii kwenye mtungi wa mji mwingine, usijaze mzigo kwa hilo.

Fundi friji

Nyuma ya friji au ndani ya mlango kuna kibandiko chenye herufi za daraja la hali ya hewa. SN ni kwa chumba cha nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. Ukihama na friji ya N kwenda mji ambao jiko linafika nyuzi 38, kompresa haitapumzika, umeme utakwenda, na vyakula vitaharibika hata kama friji ni nzima.

Upande wa baridi unashangaza wengi zaidi. Friji yenye milango miwili na kompresa moja mara nyingi husoma joto la sehemu ya chini tu. Ukiiweka varanda au gereji yenye nyuzi 6, kihisio kinaona tayari ni baridi, kompresa haiwaki, na nyama iliyo kwenye friza ya juu inayeyuka. Mafundi huitwa kubadilisha kompresa isiyo na tatizo. Irudisheni ndani.

Televisheni na kompyuta zilizosafiri kwenye lori la baridi zisiwashwe zikifika. Ziache kwenye maboksi chumbani mpaka zifikie joto la chumba, usiku mzima ikibidi, kwani ukizifungua mapema unyevu unatua kama umande juu ya saketi.

Fundi magari

Mahali pa joto magari mengi hutembea na maji matupu kwenye rejeta. Gari hilo likilala nje kwenye baridi ya kugandisha, bloku ya injini inaweza kupasuka usiku mmoja. Kabla ya safari toa maji yote, tia kulanti (kimiminika cha kuzuia kuganda) na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji ya wipa nayo yabadilishwe.

Oili ya injini ya 20W-50 ni nzito mno asubuhi ya baridi. Soma kitabu cha gari, mara nyingi kinaruhusu nyepesi zaidi kama 5W-30. Betri iliyochoka ambayo kwenye joto ilikuwa inawasha, kwenye baridi inakataa. Ipimwe kabla. Upepo wa tairi hushuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 zinazopungua. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Afya kazini

Nichangie upande wa joto, maana unachukuliwa kirahisi. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kujifunza kutoa jasho mapema na kutunza chumvi. Kwa mtu anayefanya kazi juani, kanuni ni asilimia 20 ya muda wa kawaida siku ya kwanza, kisha kuongeza asilimia 20 kila siku. Kwa hiyo kubeba makochi siku ya kufika, saa saba mchana, ndiyo kosa la kwanza. Shusheni mzigo alfajiri.

Mtoto chini ya miezi 6 hapewi maji, ananyonyeshwa mara nyingi zaidi. Akiharisha mtoto mkubwa au mtu mzima na hakuna pakiti za dawa ya chumvi chumvi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi inadhuru, sawazisha kwa kisu.

Feni inasaidia mpaka hewa ifike nyuzi 40. Hapo juu inakupulizia joto. Lowesha ngozi, tafuta kivuli kwingine. Kivuli cha nje ya dirisha kinafanya kazi kuliko pazia, kwa sababu jua likishapita kioo joto limeshaingia.

Na kama mnashuka kutoka milimani penye baridi kwenda ukanda wa malaria, watoto wenu hawana kinga ya wenyeji. Vyandarua vyenye dawa vifungwe usiku wa kwanza kabisa, kabla ya kufungua masanduku mengine; viwekeni juu ya mzigo. Homa yoyote, pimeni ndani ya saa 24. Mbu wa malaria huuma jioni hadi alfajiri, wa dengi huuma mchana, kwa hiyo mwageni maji kwenye ndoo na makopo pia.

Mfamasia

Insulini ambayo haijafunguliwa ni nyuzi 2 hadi 8, na ikishaganda hata mara moja itupwe, hata kama inaonekana safi. Isipakiwe kwenye lori, isiguse barafu. Mwenye selimundu: baridi na upungufu wa maji vyote huleta maumivu makali, basi mavazi na maji ya kunywa vipangwe kuanzia kwenye safari yenyewe. Mwenye pumu afunike pua na mdomo kwa skafu kwenye hewa kavu ya baridi na abebe inhela mfukoni karibu na mwili. Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo amwone daktari mapema akihamia joto kali. Dawa za mwezi mmoja, barua ya daktari na kadi za chanjo za watoto zikae kwenye begi la mkononi.

Mfungua uzi

Fundi friji, swali la mwisho limekuja mara tatu: friji iliyosafirishwa imelazwa?

Fundi friji

Isimamishe wima, usiichomeke. Oili ya kompresa imepanda kwenye mabomba, inahitaji kurudi chini. Ikiwa ililazwa siku nzima, iache saa 24. Ikiwa ilisimama wima njia yote, saa 2 hadi 4 zinatosha. Ukiiwasha, sikiliza: mvumo laini ni sawa, ikigonga kama kokoto kwenye kopo, chomoa uite fundi.