Mjadala: Kurasa kubwa za kumbukumbu ziwe sharti kwenye seva za huduma Tanga?

Hoja: mikataba ya mifumo ya zahanati na vikundi vya kuweka na kukopa iwalazimishe mafundi kuwasha kurasa kubwa (huge pages, yaani kumbukumbu ya mashine kugawanywa vipande vya MB 2 badala ya KB 4 vya kawaida) kwenye kila seva ya kanzidata.

Ngamiani: Naunga mkono. Chukueni kanzidata ya PostgreSQL yenye shared_buffers, yaani kumbukumbu inayotumiwa na miunganisho yote kwa pamoja, ya GB 16. Kwa kurasa za KB 4 ni kurasa 4,194,304, na kila moja inakula baiti 8 za jedwali la kurasa, orodha inayoonyesha kila ukurasa uko wapi kwenye RAM. Muunganisho uliogusa eneo lote unabeba MB 32 peke yake. Miunganisho 200 inakula zaidi ya GB 6! Kwa kurasa za MB 2, kila muunganisho unabeba KB 64 tu. Watu wananunua RAM, kumbe iliyopo inaliwa na majedwali.

Chumbageni: Mkuu, hesabu sikatai, nakataa neno sharti. Seva ya zahanati yenye shared_buffers ya GB 2 na miunganisho 20 itaokoa MB 80 hivi. Na kumbukumbu ukishaitenga, programu nyingine haiigusi hata ikikaa tupu. Kwenye mashine ya GB 8 ukitenga GB 6, work_mem, kumbukumbu ambayo kila ripoti hutumia kupanga data, haichoti humo. Ripoti nzito ikija, kerneli, kiini cha Linux, inaua michakato kwa kukosa kumbukumbu.

Ngamiani: Atengaye kwa kukisia ndiye hufikwa na hayo. Kuanzia PostgreSQL 15, zima kanzidata, uliza `postgres -D <saraka ya data> -C shared_memory_size_in_huge_pages`, namba hiyo iweke kwenye vm.nr_hugepages, mpangilio wa Linux wa idadi ya kurasa kubwa za kutenga, kisha washa mashine upya. Usiombe kurasa hizo wakati mashine imeshafanya kazi wiki kadhaa: kumbukumbu imeshakatikakatika, utapewa pungufu. Halafu huge_pages, mpangilio wa PostgreSQL, iwe on: bila kurasa kubwa za kutosha kanzidata inakataa kuwaka. Ikiwa try na kurasa hazitoshi, inarudi KB 4 kimyakimya.

Raskazone: Hiyo on ndiyo inanitisha. Mtu akiongeza shared_buffers akasahau nr_hugepages, umeme ukikatika usiku kanzidata haiwaki tena, na asubuhi wagonjwa wako dirishani. Mimi nasema try, na kila inapowaka mtu asome HugePages_Rsvd, kurasa kubwa zilizowekewa akiba, kwenye /proc/meminfo, faili la Linux la hali ya kumbukumbu. Toleo la 17 la PostgreSQL lina huge_pages_status, inajibu moja kwa moja.

Chumbageni: Hapo nakubali. Tena mkataba usichanganye hizi na kurasa kubwa za kujitengeneza zenyewe (transparent huge pages), ambazo Redis, kanzidata nyingine, inashauri zizimwe.

Ngamiani: Basi sharti lianzie shared_buffers ya GB 8. Chini ya hapo fundi apime kwanza PageTables, ukubwa wa majedwali ya kurasa kwenye /proc/meminfo, aamue.

Raskazone: GB 8 naafiki. Kwenye on bado napinga.