Daraja la Mto Pangani: jina la Bushiri lipite au tulikatae? Tujadili

Mgosi wa Chumbageni (mleta mada)

Wakuu habari za mchana. Jumamosi nilikuwa natoka msibani Mwera, nikafika Bweni nasubiri kivuko nivuke Pangani mjini nipande gari ya Tanga. Jua kali, watu tumebanana kwenye kivuli cha mti mmoja tunaangalia nguzo za daraja. Mzee mmoja anauza kashata akasema likifunguliwa liitwe Bushiri, maana mji huu ndio ulioshuhudia akinyongwa. Watu wakaitikia. Kuna mama alikuwa amekaa na tenga lake la dagaa, akauliza taratibu bila hata kuinua uso, "Bushiri yupi, huyu aliyekuwa na watumwa?" Basi pakawa kimya mpaka kivuko kinagonga.

Toka siku hiyo sijatulia ndo maana nimeleta hapa.

Kwa wasiomjua, ni Bushiri bin Salim al-Harthi, baba Mwarabu mama Mgalla, alikuwa na shamba la miwa Pangani na hakuwa anapatana na masultani wa Zanzibar hata kabla ya Mdachi, yaani Mjerumani, kuja. Aprili 1888 Sultani Khalifa akaikodisha kampuni ya Wajerumani pwani yote hii kwa miaka 50, wakusanye ushuru wao. Agosti wakaja kuchukua miji. Pangani akaletwa Emil von Zelewski, huyu ndo wenyeji walimwita Nyundo, akashusha bendera ya Sultani na akaingia msikitini na mbwa, tena wakati wa Idi ya Kuchinja! Mji ukawaka, Bushiri akashika uongozi, na ndani ya miezi michache kampuni ikabaki imejishikiza Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Serikali ya Bismarck, chansela wa Ujerumani, ikamtuma ofisa wake Wissmann na askari wa Kisudani aliowachukua Misri na wengine kutoka Msumbiji. Mei 8, 1889 wakaivunja ngome ya Bushiri kule Nzole karibu na Bagamoyo, Julai wakachukua Pangani na Tanga. Bushiri akakimbilia bara, akapiga kituo chao Mpwapwa, akarudi na wapiganaji wengine, akashindwa, mwisho jumbe mmoja akamtoa kwa Wajerumani. Desemba 15, 1889 wakamnyonga Pangani.

Mimi nasema jina lipite. Mtu aliyekufa kwa kamba kwa ajili ya pwani hii anastahili daraja. Karibuni.

Kijana wa Saadani

Mgosi nakuheshimu ila hapo umependelea Pangani yenu. Hivi kwa nini kila siku Bushiri Bushiri, Bwana Heri yuko wapi? Bwana Heri bin Juma ndiye alikuwa mtawala hasa, ana mji wake Saadani, ana watu wake Wazigua nyuma yake mpaka bara, hakuwa mtu wa shamba tu aliyepandishwa na vurugu. Alipigana hata baada ya Bushiri kunyongwa, kajisalimisha Aprili 1890 watu wake wakiwa hoi kwa njaa, na Wissmann mwenyewe akamruhusu arudi aujenge mji wake. Ukishaona adui anakuachia mji wako ujue amekupima akaona huyu bora nikae naye. Halafu 1894 akaasi TENA, ndo akakimbilia Zanzibar. Huo ndo uongozi, unajua pa kupiga na pa kusimama. Na barabara yenyewe ya daraja hilo inapita Saadani.

Jahazi Bovu

😂😂 kwa hiyo tatizo la Bushiri ni kwamba alinyongwa, angejisalimisha mngempa daraja

Kijana wa Saadani

Jahazi acha utani bwana, mi nazungumzia siasa. Vita si kurusha risasi tu.

Bint Dunda

Mimi wa Bagamoyo naomba niseme ya kwetu. Huku vita ile haikumbukwi kama mnavyoisimulia huko Tanga. Septemba 1888 mji ulishambuliwa, nyumba zikaungua, na watu maelfu wakakimbilia misheni kwa mapadri Wafaransa. Na nimtendee haki Bushiri, misheni ile hakuigusa, alikuwa na maelewano na wale mapadri wakati manowari za Wajerumani ziko baharini zinapiga mizinga. Kwa hiyo akili ya kiongozi alikuwa nayo, sikatai.

Ila nendeni pale ufukweni penye mnara wa walionyongwa na Wajerumani. Nilipita wiki iliyopita, mbuzi wawili wamelala kwenye kivuli chake, mmoja anatafuna mfuko wa nailoni. Ule mnara unasema watu walinyongwa hapa basi, hakuna jina hata moja. Bushiri jina lake tunalijua vitabuni toka darasa la tano. Hao wa kwetu ni nani? Wapagazi? Wavuvi? Watumwa wa mtu? Ndo maana huyo mama wa dagaa namwelewa kabisa.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, tuwe makini na hoja ya utumwa kwa sababu ndiyo hiyohiyo Bismarck aliyoitumia. Mwisho wa 1888 manowari za Wajerumani na Waingereza zilifunga pwani hii kwa kisingizio cha kuzuia biashara ya watumwa, na Januari 1889 bunge la Ujerumani likapitisha mark milioni 2 za kumpa Wissmann kwa maneno hayohayo. Vita ikaitwa "uasi wa Waarabu" ili ionekane ni wafanya biashara ya watumwa wachache wanaleta fujo. Haya, walipoushika mji walifuta utumwa? Thubutu. Amri yao ya 1904 ilisema tu watoto watakaozaliwa kuanzia mwisho wa 1905 watakuwa huru, mzazi abaki mtumwa. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa na Mwingereza 1922! Nimefundisha historia miaka 31, hilo ndilo swali wanafunzi walikuwa wanabishana mpaka kengele inalia.

Jahazi Bovu

Mwalimu shikamoo. Hapo umempiga Mjerumani, sawa, kapigika. Ila Bushiri hujamsafisha. Unafiki wa Bismarck haumfanyi mwenye shamba awe mkombozi wa mkata miwa.

Sasa niache utani. Miwa ya Pangani ilikatwa na nani? Mwaka 1873, miaka 15 kabla ya hiyo bendera, watumwa wa mashamba ya miwa upande wa Kikogwe waliasi wakatorokea bara. Hao nao walipigana vita ya uhuru pwani hii, tena mapema, na waliyepigana naye si Mdachi, ni tajiri wa miwa. Halafu hiyo Agosti 1888 msidhani Bushiri ndiye aliyewasha. Mji ulikuwa umejaa watu wa kutoka bara, vijana, watoro, wapagazi, matajiri wengine wakaogopa watu wao wenyewe kuliko wanavyomwogopa Nyundo. Bushiri aliona moto umeshawaka akajua kuushika mpini. Hicho ni kipaji, nampa. Daraja simpi.

Na kwa faida ya wapenda udaku, Hans Meyer yule wa Kilimanjaro alikamatwa na watu wa Bushiri 1888, akafungwa minyororo, kalipiwa fidia kaachiwa. Mwaka uliofuata huyo yuko juu ya Kibo. Na Nyundo aliponea Pangani, ila Agosti 1891 akawakuta Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, hakutoka.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Sikusema nimsafishe, nimesema tusimhukumu kwa karatasi aliyoandika adui yake. Lakini hoja ya Kikogwe nimeipokea.

Bint Dunda

Tungekuwa na akili tungeliita Daraja la Watoro yakaisha 😅

Kijana wa Saadani

Mnachekesha, waziri gani atakata utepe wa Daraja la Watoro? Mleta mada mbona kimya, umekimbia uzi wako? Na yule mama alikuwa wa wapi, labda ana lake na watu wa Pangani.

Mgosi wa Chumbageni (mleta mada)

Sijakimbia, nilikuwa nashusha mzigo dukani. Jahazi hiyo ya 1873 nimeisoma mara tatu. Bado nasema Bushiri ana haki ya kukumbukwa Pangani, mtu hanyongwi bure, ila la daraja naomba nilirudishe mfukoni kwanza.

Yule mama nilimsaidia tenga wakati tunashuka kwenye kivuko, ndo nikamuuliza anatoka wapi. Kasema Kikogwe.